Pambio la Kukalisha Watu

Ibada ya asubuhi katika ofisi ya maji ilikuwa imefika kwenye kuwaombea viongozi, mmoja mmoja kwa cheo chake, wakati Mama Vipimo alipochomoka kwenye duara na kwenda kufungua kabati la joto la maabara. Meneja alisema ibada hiyo ni ya dakika kumi. Saa ya ukutani ilisema ni ya dakika arobaini. Watu waliokuja kulalamika kwamba mabomba yao yamekauka walikaa nje kwenye benchi, wakisikiliza amina zikitoka dirishani. Aliyethubutu kubisha hodi aliambiwa awe na adabu, wenzake wako mbele za Mungu.

Ndani ya kabati mlikuwa na sahani tatu ndogo za kioo alizoziweka jana saa hizo hizo. Maji safi huiacha sahani kama ilivyoingia. Maji yaliyoguswa na choo huotesha madoa ya buluu, na kwa miaka kumi na tisa kazi ya Mama Vipimo ilikuwa kuyahesabu madoa hayo na kuandika idadi. Asubuhi ile hakuhesabu. Sahani zote tatu zilikuwa buluu tupu, ukingo hadi ukingo. Daftari la maabara lina neno lake kwa hali hiyo, naye aliliandika: hayahesabiki.

Maji yale yalitoka kwenye kisima cha kanisani kwake.

Alimsubiri meneja afunge Biblia yake, akamfuata ofisini na sahani moja na karatasi ya majibu mkononi.

"Meneja, kisima cha kanisani kina kinyesi."

Meneja alitazama mlango kwanza, kisha sahani, kisha mlango tena. "Nani alikutuma upime?"

"Hakuna. Watoto watatu wa shule ya Jumapili wanaharisha. Binti wa dobi amelazwa tangu juzi, hata maji hayakai tumboni."

"Watoto huharisha, dada yangu. Mimi mwenyewe niliharisha, na nimekua hivi unavyoniona."

"Vile vyoo vipya viko hatua kumi na mbili kutoka kwenye kisima. Tena upande wa juu. Nimepima kwa miguu yangu."

"Na cheti kile cha ukutani alikisaini nani?"

Cheti alikisaini Mama Vipimo mwenyewe. Wiki sita zilizopita Mheshimiwa mbunge alikuja na msafara wa magari kuzindua kisima alicholizawadia kanisa, kilichochimbwa pale palipokuwa rahisi kwa magari yake kugeuza. Mafundi walikuwa wamemimina dawa ya kuua vijidudu siku mbili tu kabla ya uzinduzi. Sheria ya kazi inasema mpimaji asichote mpaka harufu ya dawa iishe kabisa, la sivyo anapima dawa, hapimi maji. Siku ile alipoinama na chupa yake, harufu ilimpanda puani mpaka machozi yakamlengalenga. Lakini mchungaji alikuwa amenyoosha mikono juu ya pampu, kamera zimewashwa, watu wamefumba macho, na Mama Vipimo mwenyewe ndiye kiongozi wa kwaya. Angesemaje mbele ya umati ule kwamba anataka kungoja wiki moja zaidi? Alichota. Sahani zikatoka nyeupe. Akasaini. Cheti kikatiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa mlangoni mwa kanisa, chini ya mstari wa Maandiko kuhusu maji ya uzima.

"Sikiliza," meneja alisema, sasa kwa upole. "Jumapili Mheshimiwa anakuja kutoa shukrani kwa kuteuliwa kuwa waziri. Waziri wa nini? Wa maji. Wetu sisi. Ukipiga kelele leo utajipalia makaa mwenyewe, maana jina lililo ukutani ni lako. Ripoti nimeipokea. Itapanda ngazi zake wiki ijayo."

Akaitia karatasi kwenye droo. Kisha akamshika mkono na kuomba hapo hapo, sala fupi na nzuri, akimsihi Mungu awajalie hekima, na pia usiri.

*

Nyumbani alikuta mashine ya mumewe ikinguruma. Mumewe alikuwa fundi cherehani kwa riziki na mzee wa kanisa kwa heshima, na wiki ile vitu hivyo viwili vilikuwa vimekutana: alishona majoho mapya ya kwaya kwa ajili ya Jumapili. Yaliyokwisha alikuwa ameyapeleka kwa dobi kunyooshwa, na dobi alikuwa ameyarudisha mchana huo, yamekunjwa vizuri kama kawaida yake, kisha akakimbilia wodini kwa binti yake.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama mkwe, kikombe mkononi. Kando yake palikuwa na dumu la kanisani.

"Mama, hayo yamechemshwa?"

"Yachemshwe kwa nini? Maji yaliyoombewa ukiyatia motoni unamwambia Mungu kwamba humwamini." Bibi akanywa tena, makusudi, akimtazama juu ya ukingo wa kikombe. "Tangu nianze kuyanywa magoti yangu yamepoa."

Mama Vipimo aliingia chumbani na kumwita mumewe. Fundi alikuja na futi ya kupimia shingoni. Mkewe alimweleza yote, pamoja na harufu ile ya siku ya uzinduzi ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Fundi alikaa kitandani.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilihisi."

"Wewe hukuhisi, mke wangu. Wewe pua yako ninaijua, unanusa moshi wa jirani kabla hajawasha jiko." Alifuta uso kwa kiganja. "Sasa unataka nifanye nini? Nisimame kwenye kikao cha wazee niseme mke wangu alitudanganya? Mimi ndiye niliyewahakikishia. Mzee mmoja aliuliza kuhusu vile vyoo, mimi nikamwambia usiwe na wasiwasi, mpimaji ninalala naye kitanda kimoja. Wakacheka wote."

"Mtoto wa dobi yuko wodini, Baba Kinanda."

"Najua yuko wapi. Nenda kwa mchungaji. Jambo la kanisa linaanzia kwa mchungaji."

Uani binti yao alikuwa akifanya mazoezi. Kwaya nzima ilimwita Kinanda, na jina lilimfaa: akifungua kinywa, sauti ilitoka imekwisha kujipanga, haitafuti njia. Alikuwa akirudia pambio la kukalisha watu.

Pambio hilo lina habari yake, na habari hiyo haimpambi Mama Vipimo. Zamani shuhuda za Jumapili zilikuwa zikivuta mpaka saa tisa, watu wakisimama kueleza ndoto, mashemeji na magonjwa ya ng'ombe. Mama Vipimo ndiye aliyepata dawa. Mzee wa kanisa aliyekaa benchi la mbele akiona mtu amezidisha, hugonga ubao wa benchi mara mbili kwa kidole. Papo hapo kwaya inaanzisha pambio la furaha, kanisa zima linasimama na makofi, na msemaji anabaki anachezesha midomo mpaka mwenyewe anakaa. Mjane mmoja aliyetaka kueleza jinsi alivyotolewa nyumbani kwa marehemu mumewe alikalishwa Jumapili tatu mfululizo. Ya nne hakuja. Wakati huo Mama Vipimo aliona ibada imekuwa na utaratibu, na alijivuna. Binti yake ni yeye mwenyewe aliyemfundisha: "Ukisikia ubao, usingoje sentensi iishe. Ukingoja, umemwachia."

*

Mchungaji alimpokea Jumamosi asubuhi katika ofisi iliyojaa viti vya plastiki vya kukodi. Hakuwa mtu mbaya. Koti lake lilikuwa limepauka mabegani, na chekechea ya kanisa ilikuwa na paa kwa sababu alikwenda kulipigia magoti paa hilo kwa Mheshimiwa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo katika ofisi ya maji hakuna aliyelifanya.

"Una hakika?"

"Sahani zote tatu, mchungaji."

Mchungaji akasogeza kiti kimoja kikae sawa na vingine. "Unajua, mama, wachungaji walionilea waliogopwa na wakubwa. Mzee wetu mmoja alikataa kumpa mkono mkuu wa wilaya, mbele za watu. Siku hizi hatuogopwi. Tunaalikwa. Tunapewa kiti cha mbele na chupa ya maji yenye lebo, na tunafungua mkutano kwa sala." Akacheka kidogo, lakini hakuna kilichomchekesha. "Nikikifunga kisima kesho mbele ya waziri, chekechea haitapata ukuta. Watoto tisini."

"Na hao wanaokunywa?"

"Jumatatu asubuhi nitasema pampu imeharibika. Tutaifunga kwa mnyororo, utapima tena taratibu, hakuna atakayeaibika, wewe wala mimi. Siku mbili, mama. Tangu leo, siku mbili tu."

Mama Vipimo aliziona siku mbili zile zikiwa ndogo, ndogo mno kuliko aibu aliyokuja nayo. Alikubali. Alikubali kwa moyo mweupe kabisa, tena njiani kurudi nyumbani alijisikia mwepesi, na hata alisimama sokoni akanunua utepe wa kufungia nywele za Kinanda. Alipita mbele ya pampu. Foleni ya madumu ilikuwa ndefu. Mama mmoja alimpungia mkono, naye akampungia.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka uani. Mheshimiwa alikaa kwenye kiti chenye mito, walinzi wake wakiwa wamesimama kwenye kona kama watu wanaongoja basi. Meneja wa maji alikuwa safu ya pili, amevaa tai. Majoho mapya yalikaa vizuri, yamenyooka, kila pindo mahali pake.

Katibu alisoma matangazo. Alisoma la mchango wa ukuta, la kikao cha vijana, la gari lililoegeshwa vibaya. Kisha, kwa sauti ile ile: "Ndugu yetu dobi amefiwa na binti yake wa miaka sita, aliyelala leo alfajiri. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mazishi ni leo saa kumi jioni. Akina mama wa kwaya mnaombwa kupeleka maji msibani. Tangazo la mwisho..."

Tangazo la mwisho Mama Vipimo hakulisikia. Masikio yake yalijaa mvumo. Aliangalia mikono yake iliyoshika kitabu cha nyimbo. Siku mbili. Alikuwa amefikiria siku mbili ni za kwake na mchungaji, wagawane wanavyotaka.

Ulipofika wakati wa shuhuda, waliopangwa walisimama kwanza. Mfanyabiashara mmoja alimshukuru Mungu kwa kumleta Mheshimiwa. Mwalimu akamshukuru Mheshimiwa kwa kumkumbuka Mungu. Halafu Mama Vipimo akatoka kwenye safu ya kwaya na kushuka mpaka mbele. Hakuwa kwenye orodha, lakini nani angemzuia kiongozi wa kwaya? Alipewa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Ninasimama kutubu."

"Amina! Haleluya!" Watu walijiweka sawa kwenye mabenchi. Toba hupendwa.

"Nilisaini jambo ambalo sikuwa na hakika nalo. Nilimwogopa mwanadamu."

"Sema, mama!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Cheti kile pale mlangoni. Siku ile maji yalikuwa na dawa, nikanusa, nikanyamaza. Juzi nimeyapima upya. Ndugu zangu, msiyanywe. Vyoo vyetu vinaingia kwenye..."

Amina zilikuwa zimekatika. Mchungaji aliinamisha kichwa. Mheshimiwa hakuonyesha lolote; alimgeukia tu msaidizi wake, na msaidizi akamtazama mchungaji, na mchungaji, bila kuinua kichwa, akatupa jicho benchi la mbele ambako wazee hukaa. Zamu ya Jumapili ile ilikuwa ya fundi.

Mama Vipimo alimwona mumewe akiutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akasikia ubao. Mara mbili.

Kinanda hakungoja sentensi iishe.

Sauti ilitoka safi, juu kabisa, mahali hasa alipomfundisha aipige, na kwaya ikaipokea kwa nguvu. Kanisa likasimama. Makofi, vigelegele, vitambaa hewani. Mheshimiwa naye alisimama, akapiga makofi kwa mpigo sahihi. Mama Vipimo alipaza sauti, "Binti wa dobi! Binti wa dobi amekufa kwa maji!" lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, na mtu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake alikuwa akimtabasamulia na kuimba. Alimtazama binti yake. Kinanda alikuwa akiimba huku machozi yanamtiririka, macho ameyaelekeza darini. Mama Vipimo akafanya kama walivyofanya wote aliowakalisha. Aliendelea kidogo, akapunguza, akakaa.

Baada ya ibada alisimama kwenye pampu akiwazuia watu mmoja mmoja. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja alimshika bega: "Umechoka, mama yetu. Ofisi imekuchosha. Tutakuombea." Kisha akajaza dumu lake. Mlinzi wa kanisa alimwomba asogee, asije akaloa.

*

Nyumbani kwa dobi ni chumba kimoja na uwanja mdogo wenye kamba za nguo. Mashati ya watu yalikuwa bado yametundikwa. Hakuna aliyekumbuka kuyaanua, na waombolezaji waliokuwa wametoka makaburini walipita katikati ya mikono mitupu ya nguo kutafuta mahali pa kukaa. Mabenchi yalikuwa yameletwa kutoka kanisani. Mapipa mawili ya maji ya kisima yalikuwa kwenye kivuli. Mama Vipimo hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwasha moto, akabandika sufuria kubwa, akawa anachemsha na kumimina, anachemsha na kumimina, moshi ukimwingia machoni.

Mumewe alikaa benchi la mbele na wazee wenzake. Hawakuwa wamesemezana tangu asubuhi. Kwaya ilisimama nyuma yao, majoho yamechafuka vumbi pindoni. Mchungaji aliomba, akasema maneno ya faraja, kisha akauliza kama baba wa marehemu angependa kusema neno.

Watu hawakutegemea. Dobi alikuwa mtu wa "ndiyo" na "kesho zitakuwa tayari". Lakini alisimama.

"Ninawashukuru kwa kuja," alisema. "Ninawashukuru kwa maji."

Watu wakadhani amemaliza.

"Sisi hapa tulikuwa tunachemsha. Kwangu moto hauzimiki, kazi yangu ni pasi ya makaa. Birika lilikaa pale juu ya jiko miaka yote. Mtoto wangu hajawahi kunywa maji mabichi, tangu azaliwe. Hata daktari aliniuliza, nikamwapia." Aliinua mkono, akaonyesha jiko. "Halafu mama yake akarudi kutoka kanisani akasema, kisima kina cheti. Mimi sijui kusoma. Nikamuuliza, amesaini nani? Akaniambia, Mama Vipimo. Nikamwambia, huyo namjua. Majoho yake ninayapiga pasi mimi. Huyo hakosei."

Kuni zilialika chini ya sufuria.

"Nikaliepua birika kwa mkono wangu huu. Nikasema tupunguze makaa. Sasa mimi nilitaka kumuuliza, maana yupo hapa, ninamwona..."

Wazee walisogeza miguu. Mchungaji alikohoa. Msibani watu hawapendi mambo yafike huko, na fundi, ambaye asubuhi alikuwa amegonga kwa hofu, sasa aliinua kidole kwa huruma, kumwokoa mkewe. Nyuma yake Kinanda alikuwa amekwisha kuvuta pumzi.

Mama Vipimo alikuwa ameacha sufuria. Alifika benchini kwa hatua tatu na kukikamata kile kidole kikiwa hewani, akakibana ndani ya kiganja chake chenye masizi.

"Mwache amalize," alisema.

Alimgeukia binti yake, akatikisa kichwa. Kinanda aliishusha pumzi taratibu, bila sauti.

Dobi aliuliza alichotaka kuuliza. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno na alirudiarudia, na kila mtu uwanjani alisikia jina la mama aliyesimama pale mbele, na habari za kisima, na za birika. Mama Vipimo alisikiliza kila neno akiwa wima, bado ameshika mkono wa mumewe. Alipoulizwa alijibu, "Nilinusa dawa, baba. Nilinusa, nikasaini." Kisha dobi akakaa, na hakuna aliyeanzisha wimbo.